Zao la Namba Tasa: Uhakiki wa Lugha ya Hesabu za Siri, Kutoka Karavia

Katika hoteli ya Karavia, kando ya ziwa na uwanja wa gofu wa mji wa Lubumbashi, mgeni huweza kulipa deni lake kwa kadi ya plastiki yenye chipu isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Kadi hutiwa katika mashine, mgeni hubonyeza tarakimu nne, na baada ya pumzi mbili tatu risiti hutoka. Karani humshukuru mgeni kwa Kifaransa, kisha humgeukia mwenzake na kuendelea na mazungumzo yao kwa Kiswahili cha mji. Katikati ya lugha hizo mbili zimepita zile pumzi mbili tatu, na ndani yake namba zenye mamia ya tarakimu zimezidishwa, zimepunguzwa hadi mabaki yake, na baki moja limelinganishwa na jingine. Karani akiulizwa ni nini kilichotendeka, atasema kwamba mashine imekubali. Jibu hilo ni sahihi. Ila ni jibu la mtu aliyesimama nje ya mlango.

Makala haya yanahakiki lugha ambayo Kiswahili kimekwisha kuiandaa kwa ajili ya hesabu za namna hiyo. Halirudiwi hapa lile swali lililochakaa, kwamba je, Kiswahili kinaweza kubeba sayansi? Lugha yoyote hubeba kinachotwikwa. Swali ni jingine, na ni gumu zaidi: maneno yaliyokwisha kuundwa yanasema kweli kuhusu vitu vinavyoitwa kwa maneno hayo, au yanampoteza msomaji njiani? Kwa Lubumbashi swali hili si la anasa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa kwa mujibu wa Katiba ya 2006, lakini chuo kikuu cha mji huu, kilichoanzishwa mwaka 1955, kimefundisha hisabati kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, istilahi zilizoundwa Dar es Salaam zimekaribia zaidi milango ya shule za Katanga. Ni vema zikaguliwe kabla hazijakaribishwa kitini.

1. Tasa na zao

Hesabu inayozungumzwa ni ile iliyotangazwa mwaka 1977 na Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT nchini Marekani, ikachapishwa mwaka 1978, na kuitwa RSA kwa herufi za kwanza za majina yao. (Mwingereza Clifford Cocks alikuwa ameigundua tangu 1973, lakini alikuwa mtumishi wa idara ya siri ya serikali yake, na ugunduzi wake ulifichwa hadi 1997. Mtu aliyegundua njia ya kutunza siri alitunzwa yeye mwenyewe kama siri.) Kiini chake kinasemeka kwa sentensi moja ya Kiswahili cha shule ya msingi ya Tanzania: huchaguliwa namba tasa mbili kubwa, zikazidishwa, na zao lake likatangazwa kwa kila mtu. Kuzidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kurudi nyuma, kutoka katika zao hadi katika zile mbili zilizolizaa, ndiko kunakoshinda mashine.

Ushahidi upo. Agosti 1977 Martin Gardner aliwatolea wasomaji wa jarida la Scientific American zao lenye tarakimu 129. Lilipasuliwa Aprili 1994, baada ya watu wapatao 600 kuchanga nguvu za mashine zao. Zao lenye tarakimu 250 lilipasuliwa Februari 2020, kwa kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingehitaji miaka ipatayo 2,700 kuimaliza. Namba zinazotumika leo mara nyingi zina biti 2048, yaani tarakimu 617. Kanuni za kadi zenye chipu, zijulikanazo kwa jina la EMV, zinaruhusu hadi biti 1984, nazo ni tarakimu 598.

Sasa yaangaliwe maneno yenyewe. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya darasani Lubumbashi, huiita namba isiyogawanyika namba ya kwanza. Kimeirithi picha hiyo kutoka kwa Wagiriki kupitia Kilatini. Waarabu nao huiita kwa neno lenye maana hiyohiyo ya uawali. Kiswahili kilichukua kwa Waarabu shufwa na witiri, lakini hapa hakikufuata mtu. Kilisema tasa, neno liletalo picha ya mnyama au mtu asiyezaa.

Picha hii, kwa mtazamo wa kwanza, ni kinyume cha mambo. Namba 7 haikuzaliwa na kuzidisha kokote, isipokuwa 7 mara 1, jambo ambalo si uzazi bali ni kujitazama katika kioo. Lakini yenyewe inazaa bila kikomo: 14, 21, 28, 35, na vigawe vyote vinavyofuata. Kama namba zingekuwa ukoo, 7 ingekuwa jadi, yaani yule ambaye nasaba inaishia kwake mtu akiipanda kwenda juu. Haistahili kuitwa tasa. Wagiriki waliiona hivyo, na kwa hiyo wakaiita ya kwanza. Aliyeunda neno la Kiswahili alisimama upande wa pili. Alitazama kugawa, si kuzidisha, na kwake namba inayogawanyika ni namba iliyo na wengine tumboni. 12 inayo 2, 3, 4 na 6. 7 haina kitu. Kwa jicho hilo neno ni sahihi kabisa, na tena lina ukali wa kukumbukwa, jambo ambalo Kifaransa hakina.

Tatizo linaanza pale neno hilo linapokutana na jirani yake. Tokeo la kuzidisha Kiswahili huliita zao, na zao ni tunda la kitenzi zaa. Basi sentensi ya RSA, ikisemwa kwa usahihi wote wa istilahi, hutamka jambo ambalo sikio la Mswahili haliwezi kulipitia bila kushtuka: zao la tasa wawili. Mwalimu mvivu ataiona hiyo ni ajali ya msamiati na kuipita. Lakini ajali hii inafundisha. Hali yenyewe ya RSA ni kwamba lipo zao, liko hadharani, kila mtu analiona, na hapana anayeweza kuwataja wazazi wake kwa kulitazama. Lugha imejikwaa juu ya siri ile ile ambayo hisabati imeijenga. Kwa sababu hiyo pendekezo la kuliacha neno tasa na kulifasiri upya kwa kufuata Kifaransa halina nguvu. Neno libaki, maana vizazi vya watoto wa Tanzania vimekwisha kulimeza. Ila lifundishwe pamoja na swali: tasa kwa upande gani?

Katika mazungumzo ya namba tasa nchini Kongo huletwa mara kwa mara mfupa wa Ishango, uliofukuliwa na Jean de Heinzelin mwaka 1950 pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, na ambao sasa umehifadhiwa Brussels. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka ipatayo 20,000, na safu mojawapo ya mikato yake ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wapo wanaotangaza kwamba wavuvi wa Ishango walizijua namba tasa. Dai hilo ni la kupendeza, ila halina miguu. Ili mtu aitenge namba tasa hana budi awe ameifikiria kwanza tendo la kugawa bila baki, na mafungu manne ya mikato hayathibitishi fikra hiyo. Safu nyingine ya mfupa huohuo, inayoonyesha 3 ikifuatwa na 6, 4 ikifuatwa na 8, na 10 ikifuatwa na 5, inasema zaidi, kwa kuwa kurudufu na kugawa nusu ni vitendo vya mkono kabla ya kuwa vya akili. Kurudufu kutarudi tena hapa chini. Heshima ya Kongo haihitaji kuazimwa kutoka katika mfupa.

2. Baki, saa na posho

Neno la pili ni baki, nalo halina dosari. Mtoto akigawa maembe 17 kwa wenzake 5, kila mmoja hupata 3 na baki ni 2. Hesabu za siri zote hufanyika katika ulimwengu wa mabaki. Namba ikipita kikomo kilichowekwa, hurudishwa ndani kwa kuondolewa kikomo hicho mara nyingi kadiri iwezekanavyo, na kinachotazamwa ni baki peke yake. Kikomo chenyewe ndicho chenye matatizo ya jina. Wengi huandika moduli. Lakini moduli, kwa mwalimu wa Kiswahili, ni kijitabu cha mafunzo. Wengine huandika kigawanyo, neno linaloeleza tendo na kuificha picha. Ipo sababu ya kupendekeza mzunguko: baki la 17 katika mzunguko wa 5 ni 2. Neno hili linapendekezwa kwa sababu Waswahili wanaishi ndani ya mizunguko, na wanaihesabu kila siku bila kufundishwa.

Saa ni mfano ambao kila mwalimu huukimbilia. Saa moja ya asubuhi ya Kiswahili ni saa saba ya Wazungu. Nane ya mchana ni mbili yao, kwa kuwa 8 na 6 ni 14, na 14 katika mzunguko wa 12 hubaki 2. Mfano huu ni mzuri, lakini umetumika hadi ukalainika. Wiki ina utajiri mkubwa zaidi, na utajiri huo unaonekana vizuri zaidi kutoka Lubumbashi kuliko kutoka Zanzibar.

Pwani huhesabu siku kuanzia baada ya Ijumaa. Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, hata Jumatano ambayo ni ya tano. Kisha hesabu hiyo inakatika ghafla na kuja Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano. Kwa hiyo mpwani anazo siku mbili za tano zinazofuatana, na hajapata kukosa miadi kwa sababu hiyo. Kiswahili cha Kongo kina mwanzo wa tatu. Jumatatu huitwa siku ya kwanza, siku ya kazi, na hesabu huenda hadi siku ya tano ambayo ni Ijumaa. Siku inayofuata huitwa posho, kwa kumbukumbu ya chakula kilichogawiwa wafanyakazi, na ya mwisho ni yenga.

Msomaji mwenye karatasi anaweza kujaribu mwenyewe. Ili kutoka katika hesabu ya pwani kwenda katika ya Kongo, toa 2. Jumatano, 5, huwa siku ya tatu. Jumatatu, 3, huwa siku ya kwanza. Jumamosi, 1, ikitolewa 2, hutoka nje ya hesabu kwa upande wa chini, lakini katika mzunguko wa 7 hasi moja ni 6, na siku ya sita ya Kongo ndiyo posho. Jumapili, 2, hubaki sifuri, na hapo ndipo yenga, siku isiyo na namba. Hesabu ya Waarabu nayo hupatikana kwa kutoa 1. Lugha moja, wiki moja, mianzo mitatu, na kila mmoja hutafsirika kwa mwingine kwa kutoa namba moja tu katika mzunguko. Aliyezaliwa Lubumbashi, akaenda kuishi Dar es Salaam, hufanya tafsiri hiyo kichwani kwa miezi michache, kisha huiacha: huanza kufikiri ndani ya wiki ya Dar es Salaam, na kutafsiri pale tu anapopiga simu nyumbani.

Mwenendo huo wa kuhamia ndani, kufanya kazi ndani, na kutafsiri mlangoni tu, ndio utakaoeleza jambo lililo gumu kuliko yote katika makala haya.

3. Kuzidisha upesi

Ugumu ni wa wingi wa kazi. Mwenye namba ya siri hupaswa kuipandisha namba moja hadi kipeo kikubwa mno. Kama kipeo hicho kina biti 2048, hakizidishwi mara kwa mara hadi kitimie, maana jua lingezimika kabla. Hutumika kurudufu: namba huzidishwa kwa yenyewe, tokeo huzidishwa kwa lenyewe, na njiani huingizwa namba ya mwanzo pale kipeo kinapodai. Hivyo mazidisho karibu 3,000 hutosha. Upande wa umma ni mwepesi zaidi, kwa kuwa kipeo chake huchaguliwa kiwe kidogo. Kikiwa 65537, mazidisho 17 yanatosha. Kikiwa 3, ni mawili tu, na ndiyo maana mashine ya Karavia haimchoshi mgeni.

Hata hivyo kila zidisho lina gharama yake. Mtu mwenye kalamu, akizidisha tarakimu 617 kwa tarakimu 617 kwa njia ya shule, hufanya mazidisho madogo zaidi ya 380,000, kabla hajaanza kugawanya ili apate baki. Mashine hushika tarakimu nyingi kwa mkupuo, kwa hiyo hesabu yake ni ndogo zaidi, lakini umbo la kazi ni lilelile: namba ikirudufiwa urefu, kazi huwa mara nne.

Kwa maelfu ya miaka ilidhaniwa kwamba hivyo ndivyo ilivyo na ndivyo itakavyokuwa. Mwaka 1960, katika semina yake Chuo Kikuu cha Moscow, Andrey Kolmogorov alilitangaza wazo hilo kama jambo aliloamini ni kweli. Mwanafunzi wa miaka 23, Anatoly Karatsuba, alirudi katika muda wa wiki moja akiwa na njia inayolivunja. Kwa masimulizi ya Karatsuba mwenyewe, Kolmogorov aliieleza njia hiyo katika kikao kilichofuata, kisha akaifunga semina. Na makala ya 1962 yenye jina la Karatsuba aliyaandika Kolmogorov, mwanafunzi akaja kuyajua baadaye. Profesa anayevunjiwa wazo lake na kuliandikia tangazo la kuvunjika kwake si mtu wa kila chuo.

Njia yenyewe inaonekana katika 43 mara 56. Shuleni huzidishwa mara nne: 4 kwa 5, 4 kwa 6, 3 kwa 5, 3 kwa 6. Karatsuba huzidisha mara tatu. 4 kwa 5 ni 20. 3 kwa 6 ni 18. Kisha 4 na 3 hujumlishwa kuwa 7, 5 na 6 kuwa 11, na 7 kwa 11 ni 77. Toa 20, toa 18, hubaki 39, nayo ndiyo tarakimu za katikati. 2000, na 390, na 18, ni 2408. Zidisho moja limeokolewa kwa kujumlisha na kutoa, vitendo vilivyo rahisi. Kwa tarakimu mbili faida haionekani. Kwa mia sita, ambapo kila nusu hukatwa tena nusu, inaonekana. Zipo njia za haraka zaidi, kama ile ya Arnold Schönhage na Volker Strassen ya 1971, na ile ya David Harvey na Joris van der Hoeven ya 2019, lakini hizo zilitungwa kwa namba ndefu kupita kiasi. Kuzitumia kwa kadi ya hoteli ni kukodi treni ili kubeba gunia moja la makaa.

Hayo yote yanahusu kuzidisha. Baki bado. Na kugawanya, kwa mashine kama kwa mtoto wa shule, ndiko kuchungu zaidi, maana ndiko kunakodai kubahatisha: inaingia mara ngapi? Mwaka 1985 Mmarekani Peter Montgomery alichapisha makala ya kurasa tatu katika jarida la Mathematics of Computation akionyesha namna ya kupata baki bila kubahatisha hata mara moja. Istilahi za Kiswahili hazijamfikia, kwa hiyo inafaa afuatwe kwa mfano, tena kwa namba zilezile.

Mzunguko uwe 97. Kwa njia ya shule, 97 huingia katika 2408 mara 24, yaani 2328, na baki ni 80. Montgomery huchagua namba ya pili ambayo kugawanya kwayo si kazi: kwa mtu mwenye vidole kumi, 100; kwa mashine, kipeo cha 2. Kila namba huvikwa vazi mlangoni, yaani huzidishwa kwa 100 na kuchukuliwa baki lake katika mzunguko wa 97. Hivyo 43 huwa 32, na 56 huwa 71. Zao la 32 na 71 ni 2272. Sasa, badala ya kuondoa 97 kutoka juu hadi iishe, huongezwa 97 kutoka chini, mara kadhaa, mpaka tarakimu mbili za mwisho ziwe sifuri. Mara ngapi? Hapana kubahatisha. Ipo namba 67, ambayo hutafutwa mara moja tu kwa mzunguko mzima, yenye sifa kwamba 67 mara 97 ni 6499, moja tu kufikia mia kamili. Tarakimu za mwisho za 2272 ni 72. 72 kwa 67 ni 4824, na tarakimu zake mbili za mwisho, 24, ndizo jibu. (Kwamba 24 imetokea katika njia zote mbili ni sadfa.) 24 mara 97 ni 2328, ikijumlishwa na 2272 hupatikana 4600. Sifuri mbili hufutwa. Hubaki 46.

46 si 80. Lakini 46 ni 80 iliyovaa vazi, kwani 8000 katika mzunguko wa 97 hubaki 46. Anayetaka kuivua hufuata njia ileile: 46 kwa 67 ni 3082, 82 mara 97 ni 7954, na 46 juu yake ni 8000. Sifuri mbili hufutwa, na 80 hutokeza uso wake. Mara nyingine tokeo huuzidi mzunguko, na hapo hutolewa 97 mara moja, basi.

Kwa zidisho moja mtindo huu ni hasara tupu: kuvika na kuvua kumegharimu kuliko kazi yenyewe. Kwa mazidisho 3,000 ni faida kubwa, kwa sababu vazi huvaliwa mara moja na kuvuliwa mara moja. Ni yule Mkatanga wa Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba yeye huhama kwa kutoa 2, na namba za Montgomery huhama kwa kuzidishwa. Na kama vile umbali kutoka siku moja hadi nyingine ni uleule katika wiki zote tatu za Kiswahili, ndivyo zao linavyohifadhiwa ndani ya vazi. Hapo ndipo neno tafsiri linapokuwa bora kuliko vazi, nalo ndilo linalopendekezwa: namba iliyotafsiriwa, mzunguko wa tafsiri. Wanaisimu watalipokea kwa urahisi. Wanahisabati watalalamika kidogo.

4. Ufunguo usiofungua

Imebaki istilahi moja, na ndiyo mbaya kuliko zote. Namba inayotangazwa huitwa kwa Kiswahili ufunguo wa umma, na ile inayofichwa ufunguo binafsi. Maneno haya yamefuata lugha za kigeni hatua kwa hatua, na hayakusikiliza sarufi. Katika lugha za Ulaya ufunguo ni chuma kinachozungushwa, kiwe kinafunga au kinafungua. Katika Kiswahili ufunguo una kitenzi ndani yake: fung-u-a. Ile u ya katikati ni kiambishi cha kutengua, kama katika vaa na vua, ziba na zibua, fumba na fumbua. Ufunguo ni cha kufungulia kwa asili yake. Kuiita ufunguo ile namba ambayo kila mtu anapewa ili afungie ujumbe ni kumwambia msomaji kwamba kila mtu anaweza kuufungua. Amepotezwa kabla ya hesabu kuanza.

Kiswahili kina kitu chake tayari, nacho ni kufuli. Kufuli likiwa wazi, yeyote aweza kulibana likajifunga, hata asiye na ufunguo. Mwenye ufunguo ni mmoja. Basi namba ya umma ni kufuli, na ya siri ni ufunguo, bila kivumishi chochote. Mazungumzo ya siri ya zamani hayakuwa hivyo. Kinyume, ule mchezo wa watoto wa pwani wa kugeuza silabi, na hata Kindubile cha vijana wa Lubumbashi, hufumbwa na kufumbuliwa kwa maarifa yaleyale: anayejua kusema ndiye anayejua kusikia. Jambo jipya la 1977 ni kutenganisha maarifa hayo mawili, na kufuli linalitenganisha mbele ya macho. Kuhusu tendo lenyewe, simu nyingi sasa huandika usimbaji fiche. Si neno baya, na kusimbua kwake kunajulikana na wenye televisheni kupitia kisimbuzi. Ila kufumba na kufumbua, yenye fumbo ndani yake, ingemfikia bibi wa kijijini bila mkalimani.

Hata hivyo kufuli halifiki Karavia, na hapa pendekezo hilo lazima lijikosoe. Chipu ya kadi haifungi ujumbe wowote kwa hesabu hii. Inafanya kinyume chake: inachukua maneno ambayo mashine imeyatuma, inayapandisha kwa kipeo chake cha siri, na kurudisha baki. Mashine huliinua baki hilo kwa kipeo cha umma, 3 au 65537, na kutazama kama maneno yaleyale yanarudi. Yakirudi, kadi ni ya kweli. Kitu kinachotengenezwa na mmoja na kuthibitishwa na wote, Kiswahili hakikiiti kufuli wala ufunguo. Hukiita muhuri, na watu wa mwambao walipiga mihuri juu ya nyaraka kabla ya hoteli yoyote kujengwa Katanga. Hesabu moja, basi, inadai majina mawili kwa kazi zake mbili, na istilahi iliyopo imezifunika zote kwa neno moja la kuazima.

Namba zenyewe huenda zikabadilika. Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya kikwantamu, ikipatikana yenye nguvu ya kutosha, ingelipasua zao la namba tasa kwa upesi, na Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa njia nyingine za kushika nafasi ya RSA. Mojawapo huhesabu mabaki katika mzunguko wa 3329, namba tasa yenye tarakimu nne tu. Baki, mzunguko na tafsiri zitahitajika huko pia.

Zile tarakimu nne alizobonyeza mgeni huko mwanzo, ambazo Waswahili wote huziita namba ya siri, si sehemu ya muhuri huo. Hizo humthibitisha mgeni. Muhuri huithibitisha kadi. Karani aliyekuwa akizungumza na mwenzake angeweza kuambiwa hayo kwa Kiswahili, kwa maneno sita ambayo mengi yake anayo tayari: tasa, zao, baki, mzunguko, tafsiri, muhuri.